Mama Pindo Ahamisha Ukuta

Pasi ndiyo iliyomponza. Si kwamba ilichoma nyumba, hapana. Ilichoma meza, na meza yenyewe ilikuwa kuukuu, na shuka iliyotandikwa juu yake ilikuwa na matundu yake tangu zamani. Lakini moshi ulitoka dirishani, jirani akauona, jirani akapiga simu, na ilipofika jioni watoto wake wawili walikuwa wamekaa sebuleni wakimtazama kama mgonjwa. Mama Pindo akawaandalia chai. Akasahau sukari. Wakatazamana.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Arobaini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza mbele ya cherehani akishona sare za shule, na mtaani pale hakuna mtu mzima ambaye kiuno chake hakikuwahi kupimwa na Mama Pindo. Jina hilo alilipata kwa ubishi wake mmoja: kila sketi na kila suruali iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na pindo nene kwa ndani na mishono mipana ubavuni, ili mtoto akirefuka na kunenepa, mzazi afumue badala ya kushonesha nyingine. Wazazi walimbariki. Watoto walimlaani, maana mwaka wa kwanza hawakuzivaa nguo, nguo ndizo zilizowavaa. Kwa wote alikuwa na jibu moja: "Atakua."

Mwanawe wa kwanza alikua kweli, akawa mwalimu mkuu, na ukuu huo hakuwahi kuuacha shuleni hata siku moja. Ndugu wote walimwita Mwalimu Mkuu, mama yake naye akimwita hivyo, ila yeye kwa kumkejeli. Huyu bwana hakuweza kuzungumza na watu zaidi ya wawili bila ajenda. Hata siku ya kumchumbia mkewe inasemekana alikuja na karatasi. Dada yake, kitinda mimba, alifanya kazi maabara ya hospitali akipima damu za watu. Yeye maneno yake yalikuwa machache, lakini usimwamini. Upole wake ulikuwa wa usoni tu. Walimwita Kitinda.

"Ajenda ya kwanza," alisema Mwalimu Mkuu jioni ile ya pasi, "ni usalama wa Mama."

"Na ya pili?" aliuliza Mama Pindo.

"Hakuna ya pili."

"Basi umebeba karatasi kubwa bure."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alisema mwezi uliopita ilikuwa jiko la gesi, mwezi wa juzi ufunguo uliokutwa ndani ya kopo la majani ya chai, na sasa pasi. Akapendekeza, na alipopendekeza ilikuwa imeshaandikwa, kwamba Mama aangaliwe kwa miezi mitatu. Akionekana yuko sawa, atabaki. Asipokuwa sawa, atahamia kwake, kwenye kile chumba cha karibu na ngazi, na nyumba hii itafungwa. Mama Pindo alijibu kwa mzaha kwamba chumba kile kinanuka viatu. Moyoni hakuwa na mzaha wowote. Nyumba ile waliijenga yeye na marehemu mumewe, dereva wa lori, chumba baada ya chumba, vinne kwa safu na jiko kwa nyuma, na kufungwa kwake kulimtisha kuliko kufa.

Wakampeleka kwa daktari. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, ule upole unaomtia mtu hamu ya kumkanyaga kidole cha mguu.

"Bibi, naomba unichoree saa."

"Yako imeharibika?"

"Hapana, bibi. Ni kipimo tu."

Mama Pindo akachora saa ya mkononi, na mkanda wake, na matundu ya mkanda, na mshono wa pembeni ya mkanda, mpaka daktari akamwambia inatosha. Kisha akamtajia maneno matatu ayashike: kiti, ndizi, daraja. Wakazungumza mengine kidogo, daktari akamwomba ayataje.

"Kiti na ndizi."

"Na la tatu?"

"La tatu halikuwa na maana."

Daktari akaandika kitu. Mama Pindo alilitafuta lile neno njia nzima ya kurudi nyumbani, kimyakimya, huku Kitinda akimweleza habari za mboga za majani. Lilimjia akiwa anavua viatu mlangoni. Hakumwambia mtu.

Ushauri wa daktari ulikuwa kwamba kichwa kisikae bure. Kipewe kitu kipya cha kupima, kupanga na kuchagua, si kile kilichokizoea. Kushona kulikuwa kumeshakwisha kwa sababu macho yalikataa tundu la sindano. Walijaribu mafumbo ya maneno ya gazetini, lakini Mama Pindo aligombana na mtungaji, akawa anajaza visanduku kwa majibu yake mwenyewe na kusema mtungaji ndiye aliyekosea. Walijaribu bao, na huko aliiba kete. Mwisho Kitinda akaja na tableti yenye programu ya kuchora nyumba. Kazini wenzake walikuwa wamemwambia kwamba wazee wengine huipenda, inawafanya wafikiri bila kujua kwamba wanafikiri.

"Mimi nifikirie bila kujua?" alisema Mama Pindo. "Hilo si ndilo mnalonishitakia?"

Lakini aliishika. Alionyeshwa jinsi ya kuvuta ukuta kwa kidole, kuweka mlango, kuchagua rangi, kugeuza kitanda. Alipogundua kwamba kitu kidogo kikimsumbua anaweza kukitanua kwa vidole viwili mpaka kikawa kikubwa kama sahani, alikitanua na kukirudisha mara kadhaa. Sindano haikuwahi kumfanyia hisani hiyo.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa na chumba kimoja, na katikati ya sebule alikuwa ameweka choo. "Wageni hawatakaa sana," alieleza. Ya pili ilikuwa ya Mwalimu Mkuu. Alimwekea ofisi pana yenye kiti kinachotazama ukuta, na bafuni akamjengea jukwaa la kuhutubia, kwa kuwa huko hakuna wa kumpinga. Ya tatu alimjengea daktari: chumba cha kungojea chenye saa kumi na mbili ukutani. Kwenye programu kulikuwa na kijitu kidogo ambacho unaweza kukituma kitembee ndani ya nyumba uliyochora. Mama Pindo alikipeleka kijitu hicho kwa daktari akakiacha huko siku mbili nzima kikingoja.

Kitinda alikuwa akipiga simu kila adhuhuri kuuliza kama mama amekula. Baada ya wiki tatu akawa anajibiwa kwa haraka kwamba mwenye nyumba hayupo, yuko kwenye ujenzi.

Mtu aliyeugua kwa sababu ya tableti ile alikuwa jirani, mzee aliyejenga kuta maisha yake yote na ambaye mtaa ulimwita Timazi, kama kile kipimo cha waashi cha kunyooshea kuta, kwa kuwa hakuweza kupita kwenye ukuta uliopinda bila kusimama na kusikitika. Ndiye aliyeona moshi, ndiye aliyepiga simu, na Mama Pindo alikuwa hajamsamehe. Kila siku saa kumi alasiri Timazi alikuja kunywa chai kama alivyozoea, na tangu siku ya moshi akawa anapewa chai isiyo na sukari. Aliinywa bila kulalamika. Alijua kosa lake, na alijua kwamba angelirudia.

"Nyumba haijengwi kwa kidole," alisema siku ya kwanza alipoonyeshwa.

"Sijajenga. Nimechora."

"Mlango wako unagonga jiko."

"Kiko wapi kinachogongwa? Hiki ni kioo."

"Nimebomoa nyumba ngapi za watu waliosema wanachora tu."

Mama Pindo akahamisha mlango, kwa hasira, na baada ya kuuhamisha akaona kweli umekaa vizuri zaidi. Kesho yake Timazi akasema ngazi zimesimama mno, mtu mzima atavunjika shingo. Keshokutwa akasema dirisha limewekwa kinyume na upepo. Mambo yakawa hayo. Walibishana juu ya vyumba visivyokuwepo kwa sauti ya watu wanaogombea kiwanja cha kweli, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akazoea kuacha nyundo yake ikifika saa kumi ili asikilize. Siku moja Timazi aliinuka akaanza kugonga kuta za sebule kwa kifundo cha kidole, akimfundisha ipi inabeba paa na ipi imesimama tu kutenganisha watu. Ule unaobeba unajibu kwa sauti nzito. Ule mwingine unajibu kama kopo. Mama Pindo naye akagonga, na jioni ile akazunguka nyumba nzima akibisha hodi kwenye kuta zake.

Tuseme ukweli: alichangamka. Aliamka na milango kichwani. Miwani, ambayo zamani ilikuwa ikitafutwa nyumba nzima, sasa ilikuwa haitoki shingoni kwa kuwa bila miwani hakuna ujenzi. Mwalimu Mkuu alipokuja kukagua, maana alikuwa anakuja kukagua, alimkuta mama yake akimweleza tofauti ya paa la mgongo mmoja na la migongo miwili, akaondoka amechanganyikiwa. Lakini tuseme na ukweli wa pili, kwa kuwa Mama Pindo mwenyewe aliujua. Chumvi ilikuwa ikitiwa mara mbili au isitiwe kabisa. Simu ya Kitinda ya adhuhuri aliipokea siku moja kwa furaha, kisha akamwita Kitinda kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, na Kitinda akaitikia.

Kisha likaja jambo la getini. Ilikuwa asubuhi, jua bado changa. Mama Pindo alijifunga kanga yake ya kutokea, akachukua kikapu, akafungua geti, akasimama. Hakujua anakwenda wapi. Barabara ilikuwa ile ile, fundi viatu alikuwa anapanga soli zake kwenye gunia, mwenye duka alikuwa anafagia mbele ya mlango, na yeye alikuwa na kikapu mkononi na hakuna hata uzi mmoja wa kumwambia kikapu kile ni cha nini. Akasubiri. Fundi viatu akamwamkia, akamuuliza kama kuna anachongoja.

"Naota jua," alisema Mama Pindo.

Akakaa palepale mpaka ionekane kweli anaota jua, kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akalia. Na kwa vile hapakuwa na mtu wa kumficha, alilia vizuri. Alipomaliza akapiga moyo konde, akanawa uso, akavaa miwani akafungua tableti. Siku hiyo hakumchora daktari wala Mwalimu Mkuu. Alianza kuchora nyumba yake mwenyewe.

Aliipima kwa ile futi yake laini ya kupimia nguo, ambayo haivuki mita moja na nusu, kwa hiyo kila ilipoisha aliweka alama ya chaki sakafuni, akapiga magoti mbele zaidi, akaendelea. Ilimchukua siku mbili na magoti yote mawili. Timazi alikatazwa kuangalia. Alipomaliza kuchora nyumba kama ilivyo, chumba chake, chumba cha cherehani, sebule, chumba cha wageni, aliiweka pembeni iwe ya kuwaonyesha wanawe siku ya kikao cha kumaliza ile miezi mitatu, waone kama huyu ni mtu wa kufungiwa nyumba. Kisha akatengeneza nakala yake, na hiyo nakala akaanza kuibadilisha. Kazi hiyo ya pili aliifanya taratibu, wiki mbili, na humo hakuweka mzaha hata mmoja.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Mwalimu Mkuu alikuja na karatasi yake. Kitinda alikuja na maandazi. Timazi aliitwa kama shahidi, akakaa karibu na mlango amevaa shati la mikono mirefu, na siku hiyo akapewa chai yenye sukari. Alipoionja alishtuka, akatazama pembeni.

"Kufungua kikao," alisema Mwalimu Mkuu.

"Kimefunguliwa," alisema mama yake. "Shika hii."

Akampa tableti. Mwalimu Mkuu akaitazama ile nyumba, akaona madirisha yote yako mahali pake, milango inafungukia upande wake, hata ule msumari wa ukutani ambao baba yao alikuwa akitundikia kofia umewekwa. Uso wake ukalainika. Lakini kabla hajawa mkuu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akiona tarakimu mkono unamwasha. Ndani ya mkoba wake alikuwa na ramani ya zamani ya nyumba, ile aliyoichora mtu wa halmashauri, iliyohifadhiwa na baba yao ndani ya bahasha ya kaki. Alikuja nayo kwa nia njema, amwonyeshe mama yake. Akaikunjua, akaanza kulinganisha, na kalamu ikatoka mfukoni.

"Sebule ni mita nne na sentimita ishirini. Mama ameandika ishirini na tano."

Akahamisha kalamu chumba cha pili.

"Chumba chake ni tatu na sitini. Hapa ni sitini na tano." Akaendelea. Chumba cha cherehani kimezidi. Cha wageni kimezidi. Aliandika pembeni, akajumlisha, na kila alipoandika sauti ilipungua. Mwisho akaweka kalamu. "Vyote vinne, Mama. Kwa hesabu hii nyumba yako imeingia sentimita ishirini kwa Mzee Timazi."

Hakusema kwa kushinda. Ile sauti ya paredi ya shule ilikuwa imemtoka, ikabaki ya mtoto aliyeletewa habari asiyoitaka. Mama Pindo akazitazama tarakimu. Alikumbuka chaki, alikumbuka magoti, alikumbuka kusoma futi akiwa ameishika karibu na pua. Hizo tano hakuzikumbuka. Alizitafuta zilikotoka na hakuona kitu, na hofu ikamkamata, ile ile ya getini.

Timazi akaweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyeingiliwa, akawa na haki ya kuuliza.

"Kila chumba kimezidi ngapi?"

"Tano," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hakuna kilichozidi saba? Hakuna kilichopungua?"

Mwalimu Mkuu akarudia hesabu. "Hakuna. Tano, tano, tano, tano."

"Basi huyu hajachanganyikiwa. Mimi nimefanya kazi na vibarua waliochanganyikiwa, na nimefanya kazi na walevi. Watu hao hawakosei sawasawa."

Wakawa wanaitafakari hiyo, ndipo Kitinda akaanza kucheka. Alianzia puani, akajaribu kuzuia kwa andazi, ikashindikana. "Mama," alisema alipoweza. "Inchi moja kila upande."

"Inchi gani?"

"Ya mshono. Umeiachia nyumba mshono."

Mama Pindo akatazama tarakimu tena, na sasa mkono wake mwenyewe ukamkumbusha. Miaka arobaini na mitatu ule mkono haukuwahi kuandika kipimo kitupu. Ukipima kiuno, unaongeza. Ukipima bega, unaongeza. Ulipopima ukuta ukaongeza, wala haukumuuliza mwenye mkono. Mwalimu Mkuu, aliyevaa sare za Mama Pindo miaka saba mfululizo na kuitwa Hema na darasa zima, alivua miwani akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ajenda. Timazi peke yake hakucheka. Aliielekezea kidole nyumba iliyokuwa kwenye kioo, akasema, "Itakua," na hapo ndipo wote walipokwisha kwa kicheko.

Walipotulia, Mwalimu Mkuu alikaa sawa, akaandika. "Ajenda kuu imekwisha. Mama anabaki kwake. Mengineyo?"

Hapo Mama Pindo angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshinda mbele ya shahidi, na imeandikwa. Angemimina chai, angemsimanga daktari, wangekwenda zao, naye angebaki na nyumba yake na msumari wa kofia. Ilimjia kwa nguvu hamu ya kufanya hivyo. Lakini ile hofu ilikuwa haijamwacha, na alichoka kuwa nayo peke yake.

"Nina mengineyo," alisema.

Mwalimu Mkuu akainua kalamu.

"Hizo tano zilikuwa mazoea ya mkono, sawa. Lakini uliposema nimekosea, mimi mwenyewe sikujua. Nilidhani ni kile kitu. Kwa sababu hicho kitu kipo, wanangu. Majuzi nilisimama getini na kikapu, sikujua naenda wapi. Nilimwambia fundi viatu naota jua. Wewe Kitinda nilikuita jina la marehemu dada yangu, ukaitikia, na mimi nilijua baadaye kwamba umeitikia kwa kunihurumia. Nasahau. Sijawa mtu wa kusahau kila kitu, lakini naelekea huko, na hakuna daktari aliyeniambia ninarudi."

Kitinda akafungua mdomo, mama yake akamzuia kwa kiganja.

"Kwako sitaki kuja, Mwalimu Mkuu. Si kwa sababu ya viatu. Nyumba yako siijui. Nikisahau kule nitakuwa nimepotea mara mbili. Hapa hata kichwa kikilala, miguu inajua choo kiko wapi. Kwa hiyo nimechora nyumba ya mtu anayesahau."

Akachukua tableti, akafungua ile nakala. Wakasogea, Timazi naye. Ilikuwa nyumba ile ile, lakini ukuta kati ya jiko na sebule haukuwepo, ili mtu akikaa kwenye kiti chake aone kama moto unawaka. Kabati la nguo lilikuwa halina milango. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa, ili mtu akifumbua macho kitu cha kwanza kuona kiwe mlango wa choo, nao ulikuwa umepakwa rangi nyekundu kuliko vitu vyote vya nyumba ile. Meza ya pasi ilikuwa imefutwa. Timazi akainuka, akaenda kugonga ukuta wa jiko mara tatu, akasikiliza. "Huu haubebi kitu," alisema. "Siku mbili unashuka."

Kitinda alikuwa ameinamia kioo. "Mama, cherehani iko wapi?"

"Sebuleni, dirishani."

"Na hapa ilipokuwa?"

"Kitanda."

"Cha nani?"

"Sijui. Cha atakayekuja kulala hapa, nitakapofika huko. Nimeweka na uwazi kati ya chumba hicho na changu, anisikie nikiamka. Jina sikuandika."

Kitinda alitazama mikono yake. Mwalimu Mkuu, mtu ambaye hajawahi kukosa neno hata msibani, alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na haishuki. Mama Pindo akaona aibu. Tangu ajifahamu hakuwahi kumwomba mtu kitu ambacho hangeweza kukirudisha kwa kumshonea nguo, na sasa ilionekana ameomba, tena mbele ya jirani. Alinyoosha kidole akifute kile kitanda.

"Hicho kitanda kifupi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Ni cha kawaida."

"Kifupi. Mimi miguu itaning'inia." Alikohoa. "Wiki zangu, yaani. Kitinda atakuwa na zake, atalala hivyo hivyo, yeye ni mfupi. Lakini mimi hapo sienei."

"Na mkeo?"

"Analalamika miaka ishirini kwamba nakoroma. Atashukuru."

Mama Pindo hakumtazama, kwa kuwa angemtazama angelia, na ajenda hiyo haikuwepo. Aliweka kidole kwenye ncha ya kitanda akakivuta. Kikarefuka, kikagonga ukuta wa sebule, kikagoma.

"Timazi," alisema, "na huu?"

Timazi alikuwa ameshafika ukutani. Akagonga mara moja. "Kopo tupu. Sukuma."

Akausukuma ukuta kwa kidole. Ukaingia sebuleni, ukala nafasi ya kochi, na kochi likajikuta nje kwenye baraza.

"Libaki huko," alisema Mama Pindo, akakivuta kitanda mpaka mwisho.